Beetle 1300 ya kwenda nayo kazini kila siku Dar: itaiweza foleni ya Morogoro Road?

Mbezi1300

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa wanaozijua hizi gari. Ni Volkswagen Beetle 1300, injini iko nyuma, modeli ya 1972, umeme wa volti 12, kabureta Solex 31 PICT-3, breki za dramu miguu yote minne. Kazi yake itakuwa Mbezi Luis hadi Posta na kurudi, Jumatatu hadi Ijumaa. Kila upande ni kilomita 20 na ushee, lakini asubuhi foleni inaweza kula saa moja na nusu.

Hali yake kwa sasa:

Asubuhi inawaka mara moja. Ikishapata moto, ukiizima sheli dakika tano kisha ukataka kuwasha, stata inazunguka vizuri ila injini haishiki mpaka ipoe.

Taa nyekundu ya chaji inawaka kwa mbali gari ikiwa kwenye silensa (injini inazunguka bila kukanyaga mafuta), ukikanyaga mafuta inazima.

Kuna harufu ya petroli ndani, zaidi ukitoka kujaza tenki.

Klachi inashikia juu kabisa, pedali haina uchezo hata kidogo.

Fundi wa mtaani ameshauri kutoa themostati na kufunga disitribyuta mpya. Swali langu: gari ya zamani namna hii, ambayo injini inapozwa kwa hewa bila maji, inafaa kutumika kila siku kwenye joto la Dar? Na kama inafaa, nianze na nini na kwenye buti nibebe nini? Natanguliza shukrani.

Platini04

Mkuu, inafaa. Ila kabla ya mengine yote malizana na hiyo harufu ya petroli, na gari isitoke nyumbani mpaka iishe. Ugonjwa unaomaliza hizi gari kabisa ni moto wa petroli, foleni inasingiziwa tu. Boksi la injini ni aloi ya magnesiamu, likishakolea halizimiki kwa mtungi mdogo, na ukilimwagia maji unalichochea.

Kwa kuwa harufu inazidi baada ya kujaza, anza mbele. Fungua buti, toa kadibodi ya juu ya tenki, kagua mpira mnene unaounganisha mdomo wa kujazia na tenki, vimpira vyembamba vya kupumulia, na gasketi ya geji ya mafuta iliyo juu ya tenki. Gasketi ikikakamaa, petroli inalowa pembeni yake kila tenki likijaa. Utaona alama ya vumbi lililoganda.

Kisha fuata njia ya petroli kwenda nyuma. Mipira iko sehemu nne: chini ya tenki, karibu na gia boksi panapotokea bomba la chuma, kabla ya pampu, na kati ya pampu na kabureta. Badili yote kwa siku moja, weka klipu kila ncha. Kipenyo cha ndani cha asili ni milimita 5.5. Mpira wa robo inchi unaouzwa kila duka unaingia kwa ulaini, na huo ulaini ndio hatari yenyewe. Mpira wa asili wenye nyuzi za pamba juu unapasuka ndani ukiwa mzuri kwa nje, kwa hiyo usiuamini kwa macho. Huku kwenye joto, hesabu miaka miwili ubadili tena.

Halafu kagua kitu ambacho mafundi wengi hawakigusi. Petroli inapoingia kwenye kabureta inapita kwenye kibomba kifupi cha shaba, na hicho kibomba kimeshindiliwa tu, hakina nati. Miaka inavyokwenda kinalegea, siku moja kinachomoka kikiwa na mpira wake, na pampu inaendelea kumwaga petroli juu ya disitribyuta na koili. Kishike kwa vidole na ukizungushe. Kikicheza, kabureta itoke ikarekebishwe.

Filta ya plastiki iliyoning'inizwa kati ya pampu na kabureta iondoe. Uzito wake ukichanganyika na mtikisiko unavuta mpira na hicho kibomba. Ihamishie chini, upande wa gia boksi, mbali na joto. Na pale bomba la chuma linapopenya bati la mbele ya injini lazima kuwe na kiraba, kikikosekana bati linakata bomba taratibu.

Mtungi wa poda, kilo 2, karibu na mkono wa dereva na si kwenye buti. Moshi ukitokea nyuma, zima swichi, shusha watu, fungua kifuniko cha injini kiasi cha kupitisha mdomo wa mtungi tu. Ukikifungua chote umeupa moto hewa.

SpanaKumiNaTatu

Platini04 amemaliza upande wa moto. Mimi niende kwenye joto, maana hapa watu wengi wanaelewa vibaya.

Gari isiyo na maji haihitaji kukimbia ili ipoe. Feni imefungwa kwenye shafti ya dainamo na inavutwa na mkanda kutoka kwenye kranki. Injini ikizunguka, hewa inasukumwa, hata ukiwa umesimama Ubungo dakika arobaini. Inayochemsha kwenye foleni ni ile ambayo hewa yake inavuja au inazunguka humo humo. Kwa hiyo fanya ukaguzi huu wa mabati:

Mpira unaozunguka injini yote, kati ya bati la injini na bodi, uwe mzima pande zote. Kazi yake ni kutenga hewa baridi ya juu na hewa ya moto ya chini. Ukiwa umekatika, feni inanyonya joto la ekzozi na kuirudisha kwenye silinda. Gari nyingi zilizowahi kushushwa injini hazina huu mpira kabisa.

Vile viraba vinne vya waya za plagi, vinavyoziba matundu kwenye bati, viwepo. Matundu mawili ya nyuma ya boksi la feni, yanayopeleka hewa kwenye hita, kama mabomba yake yametolewa yazibwe kwa vifuniko vyake. Yakibaki wazi, hewa inatoroka kabla ya kufika kwenye silinda.

Mabati ya chini ya silinda, yanayobana hewa ipite kwenye mapezi, yawepo. Ni vipande viwili tu na ndivyo vinavyotupwa zaidi, kwa sababu vinasumbua kurudisha.

Kwa modeli ya 1971 kwenda mbele, kipoza oili kilihamishiwa pembeni kikapewa njia yake ya hewa. Kabla ya hapo kilisimama katikati ya njia na kuinyima hewa silinda namba 3, ndiyo maana namba 3 ina sifa mbaya. Ya kwako ya 1972 inatakiwa iwe na mpangilio mpya, lakini hakikisha: upande wa kushoto wa boksi la feni, kwa mbele, pana nundu ya bati. Kama hakuna nundu, boksi si la injini hiyo.

Mkanda: bonyeza kwa kidole gumba katikati, ushuke kama milimita 15. Haukazwi kwa boliti ya dainamo kama gari nyingine. Puli ya juu ina vipande viwili na washa nyembamba katikati. Ukitoa washa mkanda unakaza, ukiongeza unalegea, na zile ulizotoa zinakaa nje chini ya nati ili zisipotee. Nati ni ya spana 21. Zuia puli kwa bisibisi kwenye pengo lake. Mkanda uliokazwa kupita kiasi unaua beringi za dainamo.

Sasa hili likae kichwani kwa kila atakayeendesha hiyo gari: taa nyekundu ya chaji ikiwaka kwa ukali ukiwa unatembea, simama hapo hapo. Kwenye Corolla unaweza kujivuta hadi gereji. Kwenye Beetle ina maana huenda mkanda umekatika na feni imesimama, na dakika chache tu zinatosha kuua silinda. Ile ya kuwaka kwa mbali kwenye silensa ni tabia ya dainamo, haizalishi kitu mzunguko ukiwa chini. Pandisha silensa ifike mizunguko 850 kwa dakika na usihangaike nayo.

Oili: lita 2.5 tu, na oili hiyo ndiyo pia sehemu kubwa ya kupoza. 20W-50 inatosha Dar. Kitabu kinasema kilomita 5,000; kwa foleni ya kila siku mwaga kwenye 3,000, kwa sababu odomita haihesabu saa za kusimama. Hakuna filta ya oili, kuna chujio la wavu chini lenye nati sita ndogo za spana 10. Litoe kila ukimwaga, lioshe kwa petroli, weka gasketi mpya mbili na washa mpya za shaba. Zikaze kwa mkono mwepesi, newtoni mita 7. Anayekaza kama nati za tairi anang'oa stadi kwenye magnesiamu, na kuzirudisha ni kazi ya siku nzima.

Tapeti, yaani uwazi wa vavu, ndiyo roho ya hii injini. Milimita 0.15 kwa vavu zote nane, injini ikiwa baridi ya usiku kucha, kila kilomita 5,000. Utaratibu:

Vua kifuniko cha disitribyuta. Zungusha kranki hadi alama ya puli ilingane na mstari wa kiungo cha boksi la injini, na rota iangalie kialama kidogo kwenye ukingo wa disitribyuta. Hapo silinda namba 1 iko juu. Namba 1 ni ya kulia mbele, 2 kulia nyuma, 3 kushoto mbele, 4 kushoto nyuma, ukiwa umeangalia gari inakokwenda. Set vavu mbili za namba 1: legeza nati kwa spana 13, pitisha fila geji (kibati chembamba cha kupimia uwazi), kaza skrubu mpaka geji ipite kwa kukwaruza kidogo, shika skrubu isizunguke, kaza nati, kisha pima tena, maana nati inapokaza huwa inavuta. Rudisha kranki nyuma nusu mzunguko, set namba 2. Nusu tena, 3. Nusu tena, 4. Kwa kuwa mpangilio wa kuwaka ni 1-4-3-2, ukirudi nyuma unazipata kwa hesabu ya kawaida.

Andika kila kipimo ulichokikuta kabla ya kugusa. Vavu ya ekzozi, ile ya pembeni kabisa ya kila silinda, ikikutwa imebana mara mbili mfululizo hali jirani zake zimetulia, inanyooka shingo au kiti chake kinazama. Toa hedi mapema. Ikikatika kichwa kitadondokea kwenye pistoni na utanunua injini.

Kuhusu petroli isiyo na risasi usiwe na wasiwasi. Hedi ni za alumini na viti vya vavu ni pete za chuma kigumu, na mgandamizo wake ni mdogo.

Platini04

Narudi kwenye kuwasha ikiwa na moto. Stata ikizunguka vizuri na injini haishiki, mara nyingi petroli iliyobaki kwenye bakuli la kabureta imechemka kwa joto la kutoka chini na kumwagikia kwenye manifoldi. Injini imezama kwenye mafuta. Usipampu pedali. Ikanyage hadi chini, ishikilie hapo hapo, piga stata. Ikishika, achia polepole.

Kama dawa hiyo inaisaidia, tafuta chanzo. Pima shinikizo la pampu. Psi 3 ni kiwango; pampu nyingi mpya zinatoa zaidi, na ikipita 4 sindano ya kabureta inashindwa kufunga, petroli inapita hata gari ikiwa imezimwa. Dawa ni kuongeza gasketi chini ya pampu, moja moja, huku ukipima. Usisahau kipande cha plastiki kati ya pampu na injini, hicho ndicho kinachozuia joto.

Kama haisaidii, tatizo ni umeme wa cheche za plagi. Injini ikiwa na joto na imegoma, chomoa waya wa katikati wa disitribyuta, ushike kwa koleo lenye mpira, usogeze milimita 6 kutoka kwenye chuma tupu, mwenzako apige stata (harufu ya petroli ikiwepo usifanye kipimo hiki). Cheche ya buluu inayolia, umeme ni mzima. Ya njano na nyembamba, badili kondensa kwanza, kisha koili. Kondensa ni kitu cha bei ndogo na hufa zaidi ikipata joto.

Disitribyuta mpya aliyoshauri fundi bila shaka ni ile ya 009. Usikubali kabla ya kupima ya kwako. Ile haina pampu ya vakyumu, na kwa kabureta za PICT unapata shimo: ukikanyaga kutoka kwenye silensa gari inasita kisha ndiyo inaondoka. Kwenye foleni utasita mara mia tano kwa siku. Ya asili yenye vakyumu, pengo la platini milimita 0.4, taimingi nyuzi 7.5 kabla ya kilele huku mpira wa vakyumu umechomolewa na kuzibwa, ndiyo inayofaa kwa matumizi haya. Paka grisi kidogo kwenye kamu ya platini. Bila grisi kisigino kinalika, pengo linafunga na taimingi inachelewa, na taimingi iliyochelewa inapasha hedi joto.

PwaniBoksa

Salaam kwenu kutoka Kigamboni. Nyote mmekaa kwenye injini, mimi niseme habari ya kusimama, kwa sababu foleni ni breki na klachi.

Klachi kwanza. Bila uchezo, beringi ya kubonyeza inagusa muda wote na sahani inateleza. Chini, kushoto mwa gia boksi, utaona nati ya masikio mwisho wa waya wa klachi. Legeza hadi pedali iwe na uchezo wa milimita 10 hadi 20. Tazama pia bomba linalopitisha huo waya, liwe limepinda kwa chini kama sentimita 2.5 hadi 4.5. Likinyooka klachi inatetemeka ukiondoka, na waya unakatika mapema. Kwenye foleni weka fri na handibreki, usikae umekanyaga klachi.

Breki za dramu hazijiseti zenyewe. Kila mguu una nyota mbili za kusetia viatu vya breki. Zungusha kwa bisibisi mpaka tairi ligome, rudisha meno mawili au matatu mpaka lizunguke huru, kanyaga pedali ili viatu vikae katikati, rudia. Fanya hivyo kila kilomita 5,000. Pedali ikienda mbali, watu wanakimbilia kubadili masta silinda wakati ni nyota tu. Maji ya breki, DOT 4, yamwage yote kila miaka miwili. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi na maji hayo yanaunyonya. Mipira minne ya breki, kama umri wake haujulikani, ibadili bila kujadili. Inavimba kwa ndani, unakanyaga, unaachia, mguu mmoja unabaki umeshika.

Matairi 165/80R15. Upepo mbele psi 18, nyuma 27. Vijana wa kujaza upepo watakuwekea 32 kote kwa mazoea, na gari itarukaruka na mkia utakuwa mwepesi kwenye mvua. Simama nao.

Betri iko chini ya kiti cha nyuma. Spring za kiti zikigusa vichwa vya betri mtu mzito akikaa, zinawaka na sponji linafuata. Weka kifuniko cha mpira mgumu juu ya betri leo hii. Kisha inua betri uangalie sakafu, hapo ndipo kutu inapoanzia. Sehemu nyingine ni kwenye mabomba marefu ya hita chini ya milango. Ukigonga kwa bisibisi na ikazama, bodi imepoteza uti wa mgongo. Kabla fundi hajakata lolote, achomelee vyuma vya kushikilia kwenye uwazi wa mlango, vinginevyo bodi inalegea katikati na milango haifungi tena. Kwa gari inayopanda pantoni, kuoshwa chini kwa maji baridi kila wiki ni sehemu ya huduma kama kumwaga oili.

Ekseli ya mbele ina chuchu nne za grisi. Inua gari magurudumu yaning'inie ndipo upige, la sivyo grisi haifiki upande unaobeba uzito.

Mbezi1300

Wakuu, nashukuru sana, nimeprinti. Mawili yamebaki. Themostati nitoe au niache? Na nibebe nini kwenye buti?

SpanaKumiNaTatu

Acha. Inafungua vibao vya hewa ndani ya boksi la feni hewa ya moto inayotoka kwenye silinda ikifika kama nyuzi 65 hadi 70. Mpaka hapo injini inapasha haraka, na injini inayopasha haraka hailiki silinda na haichafui oili kwa petroli.

PwaniBoksa

Hapa natofautiana kidogo na SpanaKumiNaTatu. Dar asubuhi ni nyuzi 25 tayari, hasara ya kuitoa ni ndogo. Kinachoharibu ni fundi kung'oa na vibao vyenyewe. Vibao ndivyo vinavyoelekeza hewa kwenye silinda na kwenye kipoza oili. Themostati ikiwa imekufa na mpya haipatikani, iondoe, lakini vibao vibaki, na spring yake ivishikilie wazi.

SpanaKumiNaTatu

Hilo la vibao nakubaliana nalo mia kwa mia. Ya kutoa themostati nzima bado siikubali.

Kubeba: mkanda wa feni na spana 21, waya wa klachi, waya wa mafuta, platini na kondensa zilizokwisha kupimwa kwenye gari hiyo hiyo, rota, plagi mbili, mita moja ya mpira wa petroli na klipu, fyuzi, fila geji, bisibisi, spana 10, 13 na 17, lita moja ya oili. Vyote vinaenea kwenye mfuko mmoja nyuma ya tairi la akiba. Spea usiogope, Beetle ya mwisho ilitoka Puebla, Mexico, Julai 2003, na vitu vingi vya injini vinaingiliana na vya Kombi. Ila spea mpya pima kabla ya kufunga, hasa kondensa na pampu. Barabara zetu nazo inazijua: ilishinda Safari Rally 1954, 1957 na 1962, hayo matope na vumbi la wakati huo si ya kulinganisha na lami ya Morogoro Road.

Mbezi1300

Kibomba cha kabureta nimekishika, kinazunguka kwa vidole. Kinarekebishwaje?

Platini04

Usiiwashe tena. Toa kifuniko cha juu cha kabureta, skrubu tano, angalia boya la ndani lisianguke. Chomoa kibomba, safisha tundu na kibomba kwa petroli, kikaushe. Kwenye sehemu inayozama, piga alama ndogo ndogo kwa senta panchi kuzunguka pande zote ili ikwaruze, kisha kirudishe kwa kugonga taratibu juu ya kipande cha mbao mpaka kizame chote. Kiwe kigumu kwa koleo, si kwa vidole. Kikiendelea kucheza, peleka kwa fundi mashine achonge uzi na kufunga kibomba cha kukaza. Mwisho funga waya mwembamba kutoka kwenye klipu ya mpira hadi kwenye mwili wa kabureta. Ukishawasha, iache dakika kumi kifuniko cha injini kikiwa wazi, pitisha karatasi kavu kuzunguka kiungo. Ikitoka imelowa, rudia.